Land Rover ya turubai isiishie kuwa sufuria

Wakenya wengi huliona gari la wazi mara chache kwa mwaka, tena kwenye televisheni. Ni Sikukuu ya Madaraka au ya Jamhuri: Rais anaingia uwanjani akiwa amesimama kwenye Land Rover ya kijeshi isiyo na paa, anawapungia wananchi mkono, gwaride linaanza. Isiolo gari la namna hiyo halikuwa la sherehe. Lilikuwa gari la nyumbani. Lilimkimbiza mjamzito hospitali, lilileta mbuzi sokoni, lilirudisha watoto shule ya bweni muhula ulipofunguliwa. Siku ya harusi lilivuliwa turubai, likatandikwa mikeka, likabeba akina mama walioimba njia nzima.

Sasa magari hayo yanaisha. Katika wadi ya Bulla Pesa mjini Isiolo, ambako Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu ni majirani wa ukuta kwa ukuta, hutembei sana kabla ya kuona moja limesimama nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na zizi la mbuzi. Magurudumu hayana upepo. Kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Mwenye gari alishaaga dunia, watoto wako Nairobi au Nanyuki, na hakuna anayejua ufunguo uliwekwa wapi. Siku moja anabisha hodi mnunuzi wa chuma chakavu, mizani mkononi.

Sina ugomvi na mnunuzi huyo. Naye anatafuta riziki. Analipa alumini vizuri kuliko chuma, na bodi ya Land Rover ya zamani karibu yote ni alumini. Itakatwa vipande mchana mmoja, iyeyushwe, imwagwe kwenye kalibu, itoke sufuria. Chesisi itakatwa kwa gesi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, na kwa miezi michache magari hayo yalipata nafuu. Marufuku ilipoondolewa, mizani ikarudi mitaani. Ninachoshikilia mimi ni kwamba Land Rover ya turubai ya familia inafufulika, inafufulika hapa hapa Isiolo kwa mikono ya mafundi wa hapa, na mwenye kuiuza kwa kilo anapata hasara hata kama siku ile mfuko umejaa.

Alumini hiyo ina kisa chake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuma nchini Uingereza kilikuwa kikitolewa kwa mgao, lakini alumini iliyotumika kuundia ndege za kivita ilikuwa tele. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Akataka kampuni yake iunde gari la mkulima la kuchukua nafasi ya Jeep hiyo. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Ilikuwa gari la wazi: bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma, kioo cha mbele kinacholazwa juu ya boneti, na turubai la kujifunikia. Kwa hiyo anayedhani gari la wazi la kale ni lile la tajiri wa Karen peke yake hajaliangalia vizuri lililoegeshwa uani kwao.

Huku kaskazini lilifika wakati Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD, ilikuwa imefungwa na serikali ya kikoloni, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Isiolo ndipo palipokuwa na ofisi za utawala na kizuizi cha barabara. George Adamson, mkuu wa askari wa wanyamapori, aliishi hapa na mkewe Joy. Simba waliyemlea tangu mwaka 1956, Elsa, alizoea kujilaza juu ya Land Rover yao, na picha zake zikaenea duniani baada ya kitabu cha Joy, Born Free, kutoka mwaka 1960. Wageni wanaijua Land Rover ya Isiolo kwa picha hizo. Wenyeji wanaijua kwa kazi.

Vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliwafilisi wafugaji wa upande wa Waso, yaani bonde la Ewaso Nyiro. Mifugo iliteketea, familia zikasogea mjini, na walioweza kusimama tena wengi wao walisimama kwa biashara: kununua mifugo mbali na kuiuza sokoni Isiolo, kupeleka unga, sukari na majani ya chai Merti, Garba Tulla, Kinna na Kulamawe. Biashara hiyo ilihitaji gari lisiloogopa laga, ule mto wa msimu wenye mchanga mzito. Lami ya kutoka Nairobi ilifika Isiolo ikakoma. Mbele yake palikuwa na mawe, vumbi na changarawe yenye matuta madogo yasiyoisha. Katika nyumba nyingi Land Rover ilishika nafasi ya ngamia wa maziwa: haikuchinjwa, ilitunzwa, na kizazi kilichofuata kilikula matunda yake.

Kisha barabara ikaja. Kipande cha kwanza, kilomita 136 kutoka Isiolo hadi Mto Merille, kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, takriban kilomita 500. Probox ikaingia, bodaboda ikaingia, Land Cruiser ikachukua safari za mbali. Land Rover ya turubai ikasukumwa uani. Hakuna aliyeamua kuiacha. Kilichotokea ni kwamba ilipoharibika mara ya mwisho, hapakuwa na haraka ya kuitengeneza.

Yako mambo mawili yanayofanya niliombee gari hili. La kwanza ni sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515. Kwa hiyo Land Rover ya 1965 ikikatwa leo Bulla Pesa, hakuna meli itakayoleta nyingine ya kukaa mahali pake. Tulizo nazo ndizo hizo: zilizoagizwa zamani kutoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, na zile za miaka ya 1970 na 1980 zilizounganishwa Thika kwenye kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. La pili ni ufundi. Lipo kundi la mafundi wa Isiolo waliojifunza kazi juu ya gari hili, wengine katika karakana za serikali, wengine chini ya mti kwa kumshikia spana fundi aliyewatangulia. Umri umewapita. Wakiondoka, hata mwenye pesa hatapata wa kumtengenezea.

Sasa tuingie uani.

Kijana akipewa gari la babu, hukimbilia injini, maana injini ikinguruma majirani husikia. Fundi mzee hafanyi hivyo. Hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akagonga chesisi kidogo kidogo, kutoka masikio ya springi za mbele hadi bampa la nyuma, huku anasikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, na mara nyingine nyundo hutoboa ikaingia. Hapa Isiolo ina bahati ambayo wamiliki wa Uingereza wangeilipia: ukavu. Kule mvua, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, hula chesisi kutoka ndani, na wengi huanza ukarabati kwa kununua chesisi mpya iliyopakwa zinki. Mombasa na Lamu upepo wa bahari hufanya uharibifu huo huo. Bulla Pesa chesisi ya miaka 60 inaweza kuwa haina kutu ya kutisha, lakini imepasuka. Adui wa huku ni mtikisiko wa barabara na mzigo uliozidi kipimo.

Ufa hauzibwi kwa kubandika bamba juu ya bamba. Chesisi nyingi za huku zina viraka vitatu vinne, kila kimoja cha fundi wake na safari yake, na ufa umeendelea kutambaa chini yake. Viraka vyote huondolewa kwa mashine ya kusagia mpaka chuma cha asili kionekane. Mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo ili usiendelee mbele. Ndipo huchomelewa, na bamba la kuimarisha, lenye unene sawa na chesisi yenyewe, hukatwa kwa umbo la almasi badala ya mraba, kwa sababu ukingo ulionyooka kuvuka chesisi hutengeneza mahali papya pa kupasukia. Kazi hii haionekani gari likiisha kupakwa rangi, na ndiyo inayoamua kama gari litaishi.

Baada ya chesisi hutazamwa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, hasa pembe za chini anapoweka miguu dereva. Huo si alumini, na huoza. Kisha sakafu ya nyuma. Gari lililobeba mbuzi miaka 20 lina ugonjwa ambao hautajwi katika vitabu vya Kiingereza: mkojo wa mbuzi. Chumvi yake, ikikaa mahali alumini inapogusana na chuma, hugeuza alumini kuwa unga mweupe. Bodi ya nyuma huonekana nzima kwa juu, ukiipangusa kwa mkono inamong'onyoka. Dawa yake ni kung'oa riveti, kukata sehemu iliyokufa, kuweka bati jipya la alumini, na kutenganisha metali hizo mbili kwa rangi na mpira. Atakayeendelea kubeba mbuzi, na sioni kwa nini asiendelee, aweke mbao zinazotoka na aoshe kila aliporudi sokoni.

Breki zinadai heshima ya pekee. Land Rover nyingi za Series II, iliyoanza 1958, na Series IIA, iliyoanza 1961, zina breki za ngoma magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hupita njia moja tu. Paipu moja ikitoboka, breki zote zimekwenda. Paipu zote na mipira yote ibadilishwe, hata ile inayoonekana nzima. Mikanda ya usalama ifungwe, ingawa gari lilizaliwa bila hiyo. Watoto wa siku hizi wasirudishwe kwenye hatari za wazazi wao kwa jina la kuhifadhi historia.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ni ya watu wavumilivu. Ina silinda nne, haina elektroniki, na mtoto wa fundi anaweza kuielewa kwa kuitazama. Huwashwa hata kwa hendeli, betri ikifa porini. Tabu yake kaskazini ni joto: petroli huchemka ndani ya paipu, gari likazimika mchana wa saa nane, na ndiyo maana madereva wa zamani walifunga kitambaa chenye maji kwenye pampu. Paipu zikihamishwa mbali na ekzosi na radieta ikasafishwa kabisa, tabu hiyo hupungua sana. Gia nazo zina adabu zake. Katika Series II na IIA, gia ya kwanza na ya pili hazina kilainisha-gia, hivyo dereva hukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza injini. Karibu nazo pana vishikio viwili, cha njano na chekundu. Cha njano hubonyezwa ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na chekundu ni cha gia nzito za kupandia laga. Ningependa kila mjukuu afundishwe hayo na mtu aliye hai.

Lakini magari mengi ya Isiolo hayana tena injini ya Rover. Yana dizeli ya Toyota, Isuzu au Nissan, iliyopachikwa miaka ambayo spea za Uingereza hazikupatikana au zilikuwa ghali. Wapenzi wa magari ya kale watakuambia injini hiyo itolewe, gari lirudi asili yake. Mimi sikubaliani nao. Dizeli iliyowekwa na baba ili biashara isife ni sehemu ya historia ya gari na ya familia. Kama ilipachikwa vizuri na imeandikishwa, iachwe ifanye kazi. Kama ilipachikwa ovyo, mihimili ya gia imekatwa na propela inapiga pembe mbaya, hapo irekebishwe au itolewe. Kipimo ni uzima wa gari.

Spea bado zipo. Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ina maduka ambayo ukimpelekea muuzaji kipande kilichovunjika atakipindua mkononi na kukuambia ni cha Series gani. Gari hili lilitengenezwa kwa wingi, la milioni moja lilitoka kiwandani mwaka 1976, na viwanda vidogo vya Uingereza bado vinafyatua sehemu zake. Cha kuwa macho nacho ni spea za bei ya chini zinazofanana kwa sura tu. Mpira wa breki wa bei rahisi haufai kwa gari la watoto.

Turubai ndilo ninalolipenda zaidi katika kazi yote, na ndilo linaloharakishwa. Watu hununua turubai la plastiki la lori, wakalikata, wakalifunga kwa kamba. Plastiki hufungia joto ndani, hupiga kelele kwenye upepo na hupasuka kwenye mikunjo jua likishaikausha. Turubai la pamba nzito hupumua. Mvua ikinyesha, nyuzi hufura na kujibana zenyewe, maji yakateleza juu. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wana mashine na mikono ya kulishona. Ni kuwapelekea turubai la zamani, hata kama limebaki matambara, liwe kielelezo: mishono miwili sambamba, kiraka cha ziada kila mahali linapokalia matao ya chuma, macho ya shaba yaliyopigwa kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili, dirisha la nyuma linalokunjuka. Likivaliwa mara ya kwanza litaonekana dogo. Fundi hulilowesha, hulivuta kidogo kidogo kwa kamba pande zote, na asubuhi ya pili limekaa.

Rangi ni ya mwisho, na isikimbiliwe. Ukikwangua taratibu ndani ya mlango au chini ya kiti utakuta rangi aliyonunua babu: kijani kibichi, buluu, kijivu. Hiyo ndiyo ipuliziwe.

Karatasi huvunja miradi mingi kuliko chesisi. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu, warithi lazima wamalize mirathi kwanza. Kwa familia za Kiislamu ni Mahakama ya Kadhi, na Isiolo ipo. Baada ya hapo ndipo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itahamisha umiliki na kuandikisha mabadiliko ya injini kama yapo. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma karibu na springi ya mbele, upande wa kulia. Isomwe na ilinganishwe na logibuku kabla ya kutumia hata shilingi moja. Nimesikia ndugu wakigombana juu ya gari bovu miaka na miaka, kisha likauzwa kwa kilo ili ugomvi uishe. Waandikiane mapema nani anachangia nini na nani atalitumia lini.

Dunia imeshaliona jambo hili. Mwaka 2016, mwaka ule ule Solihull ilipomaliza kuunda Defender ya zamani, kampuni yenyewe ilianza kukarabati Series I chache na kuziuza kwa bei ya gari jipya la kifahari. Maneybhanjang, mji wa milimani nchini India, Land Rover za zamani bado zinapandisha watu njia ya mawe hadi Sandakphu. Arusha ilifanya tamasha Oktoba 2024, magari yakajipanga kwa mamia kuifukuzia rekodi ya Wajerumani ya msafara wa Land Rover 632. Jirani zetu wa Maralal hawajawahi kuacha kuzitumia. Nairobi kuna mashindano ya magari nadhifu ya Africa Concours d'Elegance, ambayo yalianza mwaka 1970; uwanjani Ngong gari huhukumiwa hata kwa vumbi la chini ya boneti. Naheshimu kazi hiyo. Lakini gari la Bulla Pesa sitaki lishinde kwa kung'aa. Nataka lipeleke madumu ya maziwa ya ngamia kwa akina mama wanaoyauza hadi Eastleigh, na Idi ikifika likunjwe turubai, wajukuu wapelekwe Ewaso Nyiro.

Serikali ya kaunti ina chuo cha ufundi na vijana wa kufundisha. Inunue Land Rover moja tu kabla ya mnunuzi wa chakavu, ilale kwenye karakana ya chuo, na mzee mmoja alipwe kuwafundisha wanafunzi juu yake: kuchomelea, breki, springi, umeme, alumini. Hayo ni masomo ambayo mtihani wa ufundi unayadai tayari.

Na wewe msomaji ambaye kwenu limesimama moja, usikubali bei ya mizani wiki hii. Tafuta logibuku kwenye sanduku la mama. Pangusa udongo usome namba ya chesisi. Kisha mtafute fundi mzee wa mtaa, mlipe siku yake nzima, alale chini ya gari na nyundo akuambie ukweli. Bei ya chakavu itakuwepo hata mwakani. Fundi huyo amevuka miaka 70.